TUIJUE NCHI YETU: Tabaka, Penye Jiwe Laini

Kusini-magharibi ya mji wa Kisii, katika nchi ya Mugirango Kusini, iko Tabaka. Ni mahali padogo pa vilima na mashamba ya migomba na mahindi. Mvua ni nyingi, lakini ardhi ni haba na watu ni wengi. Nyamira ilipotengwa kuwa wilaya, Tabaka ilibaki Kisii. Mgeni apitaye haoni ajabu mpaka atazame chini: vipande vya mawe meupe vimetapakaa njiani, na miguu ya watu ina vumbi kama ya msaga unga.

Vumbi hilo latoka katika jiwe la sabuni. Ni laini hata kisu hulikata, nalo huwa jeupe, la waridi, la kijivu au jeusi. Wazee wa Abagusii walilichonga tangu kale, wakafanya viko vya tumbaku na mabao ya kuchezea. Katika karne ya 20 wageni walilipenda, na kazi ya nyumbani ikawa biashara. Ndege aliyechongwa na Elkana Ong'esa, fundi wa nchi hiyo, amewekwa Paris, kwenye makao makuu ya UNESCO.

Kazi yenyewe ina zamu zake. Wanaume huchimba kwa mitaimbo na majembe, kisha huchonga kwa panga na visu. Wanawake husugua kwa msasa na maji, wakapaka nta mpaka chombo king'ae. Hivyo bakuli moja hupita katika mikono mingi kabla ya kufika sokoni.

Lakini jiwe si hindi. Avunaye mahindi hupanda tena. Avunaye jiwe huacha shimo. Shimo lisilofukiwa hujaa maji wakati wa masika, kingo zake humomonyoka, na aliyeuza jiwe huona shamba lake limekwenda nalo. Kadhalika vumbi la kuchonga likivutwa kila siku hudhuru kifua.

Basi yafaa mwenye timbo afukie alipomaliza na kupanda miti juu yake; na mchongaji afunge kitambaa puani, tena alowanishe jiwe. Kila mmoja na aandike alichouza na kwa bei gani, maana mali bila daftari huisha bila habari. Wazee waliwaachia watoto wao jiwe pamoja na shamba. Haifai wajukuu warithi mashimo.