Claressa Shields: nyuma ya mikanda kuna bibi, kocha na ukumbi wa mtaa

Kila tunapotangaza kwenye habari za michezo kwamba Claressa Shields ameshinda tena, ujumbe unaoingia kwenye simu yetu huwa wa aina mbili. Wapo wanaouliza rekodi yake. Wapo pia wazazi wanaouliza: mwanamke wa namna hiyo ametoka wapi, na kichwani mwake mna nini hasa? Swali la kwanza tunalijibu hewani kwa dakika moja. La pili linataka nafasi zaidi, ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome kwa wakati wako.

Rekodi kwa ufupi

Shields ni Mmarekani aliyezaliwa Machi 17, 1995, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan. Mwaka 2012, akiwa na miaka 17, alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki ya London katika uzito wa kilo 75. Hiyo ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindania medali za ngumi. Mwaka 2016 kule Rio alitwaa dhahabu ya pili. Kabla yake hakuna bondia wa Marekani, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kushinda dhahabu mbili za Olimpiki mfululizo.

Novemba 2016 aliingia ngumi za kulipwa. Huko kuna vyama vinne vikubwa, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja kina mkanda wake. Ndiyo maana unaweza kusikia watu wanne wakiitwa mabingwa wa dunia wa uzito mmoja kwa wakati mmoja. Anayeikusanya mikanda yote huitwa bingwa asiyepingwa. Shields alifanya hivyo katika uzito wa kati mwaka 2019, akashuka uzito na kurudia mwaka 2021, kisha Februari 2025 akamshinda Danielle Perkins na kutangazwa bingwa asiyepingwa wa uzito wa juu. Pambano la 2021 na hilo la 2025 yote yalifanyika Flint, nyumbani kwao. Julai 2025 alimshinda Lani Daniels wa New Zealand mjini Detroit, na mpaka siku hiyo alikuwa hajapoteza pambano hata moja la kulipwa.

Shida peke yake haizai bingwa

Maisha yake ya utotoni yalikuwa magumu. Baba yake, ambaye naye aliwahi kupigana ngumi, alikuwa gerezani kuanzia Claressa akiwa na miaka miwili mpaka alipofika tisa. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba alifanyiwa ukatili wa kingono akiwa mtoto mdogo. Flint ulikuwa mji wa viwanda vya magari vya General Motors, na viwanda vilipofungwa kazi ziliondoka navyo. Mwaka 2014 wakuu wa serikali walibadilisha chanzo cha maji ya mji huo, na maji yenye madini ya risasi yakaingia majumbani mwa watu.

Simulizi nyingi huishia hapo: aliteseka, akawa na hasira, hasira ikamfanya bingwa. Sisi tunaiona hoja hiyo ina kasoro, tena ina madhara. Flint ilikuwa na maelfu ya watoto waliopitia dhiki kama hiyo, na hawakuwa mabingwa. Ukiamini kwamba shida ndiyo inayojenga, utamwacha mtoto ateseke ukidhani unamkomaza.

Tukiangalia kwa makini, tunaona watu na vitu vilivyokuwepo karibu yake. Baba alipotoka gerezani alimsimulia habari za Laila Ali, binti wa Muhammad Ali, aliyekuwa bondia. Mtoto akasema na yeye anataka. Baba akakataa, akisema ngumi ni mchezo wa wanaume. Bibi yake ndiye aliyemtia moyo asikubali kufungiwa mlango kwa sababu ni msichana. Baba alikuja kulegeza msimamo, na akiwa na miaka 11 Claressa akaanza mazoezi katika ukumbi wa Berston Field House, chini ya kocha Jason Crutchfield. Ukumbi huo ni wa michezo wa jamii, uko mjini humo humo, na mtoto wa familia isiyo na kitu aliweza kuingia.

Kwa hiyo palikuwa na bibi aliyesema ndiyo, kocha aliyekuwepo kila siku, na mlango ulio wazi karibu na nyumbani. Kipaji kilikuwa chake, lakini bila hivyo vitatu huenda tusingelijua jina lake.

“Chema chajiuza” haikumfaa

Wengi hukereka na mdomo wake. Shields hujiita bondia mwanamke bora wa nyakati zote, na halisemi hilo kwa sauti ya chini. Kwetu tumelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na msichana anayejisifu huonekana hana adabu.

Lakini tazama yaliyompata. Aliporudi kutoka London na dhahabu shingoni akiwa bado mwanafunzi, alitarajia kampuni zingemfuata kwa matangazo kama zinavyowafuata wanariadha wengine. Hazikuja. Filamu ya maisha yake iitwayo T-Rex, iliyotoka mwaka 2015, inaonyesha akishauriwa na watu wa mchezo wake aache kusema kwamba anapenda kupiga watu, kwa maana maneno hayo hayampendezeshi. Fikiria hilo: bondia anaambiwa asiseme anapenda ngumi. Chema chake hakikujiuza, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanataka msichana wa namna nyingine.

Alijifunza kwamba asiposema yeye thamani yake, hakuna atakayeisema. Majigambo yake tunayaona kama mtu anayetaja bei ya mazao yake sokoni kabla dalali hajamtajia. Unaweza usipende sauti, lakini hesabu yake inaeleweka.

Kushindwa mara moja

Katika ngumi za ridhaa Shields alipoteza pambano moja tu, mwaka 2012, katika mashindano ya dunia nchini China. Aliyemshinda ni Savannah Marshall wa Uingereza. Miezi michache baadaye Shields akatwaa dhahabu ya Olimpiki, lakini kwa miaka kumi kila mtu aliendelea kumkumbusha jina hilo.

Oktoba 15, 2022, wawili hao walikutana London, mbele ya mashabiki wa Marshall, na mabondia wote wa usiku huo walikuwa wanawake. Shields alishinda kwa pointi. Angeweza kuyakwepa mapambano ya namna hiyo, kama wengi wanavyofanya ili kulinda rekodi, ila yeye alisafiri mpaka nyumbani kwa mtu pekee aliyewahi kumshinda. Kama unatafuta akili ya bingwa iko wapi, sisi tungeanzia hapo.

Ugomvi wa dakika mbili

Jambo lingine analolisema mara kwa mara ni muda wa raundi. Pambano la ubingwa la wanaume ni raundi 12 za dakika tatu, jumla dakika 36. La wanawake kwa kawaida ni raundi 10 za dakika mbili, jumla dakika 20. Wanaotetea dakika mbili, hasa WBC, wanataja afya, kwamba ubongo wa mwanamke uko hatarini zaidi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu ngumi huumiza ubongo wa yeyote.

Hata hivyo kuna jambo la kushangaza. Katika ngumi za ridhaa, ikiwemo Olimpiki ya siku hizi, wanawake hupigana raundi tatu za dakika tatu sawa na wanaume. Oktoba 2023 Amanda Serrano wa Puerto Rico alipigana raundi 12 za dakika tatu na kushinda, na baadaye akauachia mkanda wa WBC kwa sababu chama hicho hakikukubali utaratibu huo. Wanawake wanaodai dakika tatu wanajua pia kwamba muda mfupi hutumika kuwa kisingizio cha malipo madogo.

Huku kwetu Afrika Mashariki

Habari hizi haziko mbali nasi. Katika Olimpiki ile ile ya London 2012, uzito ule ule wa kilo 75, alikuwepo Elizabeth Andiego wa Kenya. Oktoba 2016 Mkenya mwingine, Fatuma Zarika, alikwenda Flint, mji wa Shields, akamshinda Alicia Ashley na kurudi Nairobi na mkanda wa WBC. Wasichana wetu wanaweza.

Lakini tunamkumbuka pia Conjestina Achieng, Mkenya aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutwaa taji la kimataifa la ngumi. Alishangiliwa nchi nzima. Baadaye aliugua maradhi ya akili, na kwa miaka mingi familia yake ikawa inaomba msaada hadharani. Mikono ilikuwa na nguvu kama ya mabingwa wengine. Kilichokosekana ni mfumo wa kumshika makofi yalipokwisha: bima, daktari, akiba, chama kinachojua mchezaji wake yuko wapi.

Binti yako akisema anataka

Ngumi zimethibitishwa kuwamo katika Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa hiyo swali hili litakuja majumbani. Akikuambia anataka, usianze kwa kumuuliza kama ana roho ngumu. Nenda ukamwone kocha. Muulize anafundisha wasichana wangapi, wanabadilishia nguo wapi, na nani huwepo mazoezi yakiisha jioni. Uliza kama kuna kinga ya kichwa na ya meno, kama mtoto hupimwa na daktari kabla ya kupigana, na akipigwa kichwani hupumzishwa siku ngapi. Uliza shule itakuwaje. Kocha mzuri hatakasirika kuulizwa, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Kama hakuna ukumbi karibu, hilo ni jambo la kulipeleka kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani, pamoja na zahanati na barabara. Berston Field House ni ukumbi wa mtaa tu. Kuna watu waliamua uwepo, na wakauacha wazi mpaka mtoto wa miaka 11 alipofika mlangoni.