Simama Kama Mti Kabla Hujafungua Duka



Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza, tunajua huku Mnyambe hali inavyokuwa. Mkulima kalipwa, kaja dukani na noti za elfu kumi. Huyu anataka sukari kilo mbili, yule anatoa pesa kwenye simu, mtoto katumwa na mama yake achukue mafuta ya mkopo. Miezi hiyo ndiyo inayotubeba mwaka mzima. Na ni hapo hapo chenji inazidi, deni linasahaulika kuandikwa, na tapeli anapiga: "Nimekosea kutuma, nirudishie haraka nina mgonjwa."

Maoni yangu ni haya: hasara nyingi za maduka yetu hazitokani na kutojua hesabu. Chenji ya elfu kumi hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Tatizo mikono ipo kaunta, akili ipo kwingine. Na akili inafundishika kutulia. Njia moja rahisi ni yoga, ile ya mikao midogo isiyotaka mkeka wala hela.

Najua wengine mmeshaguna. "Hiyo dini ya Wahindi." Ni kweli imetoka India na ina mizizi kwenye dini ya huko. Lakini leo inafanywa na watu wa kila dini kama mazoezi. Umoja wa Mataifa mwaka 2014 uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Jirani zetu Nairobi, Africa Yoga Project tangu 2007 wanafundisha vijana mpaka wanakuwa walimu na kupata kipato. Mimi nachukua pumzi na kujinyoosha, ibada yangu ipo palepale. Jina likikukwaza, liache.

Mwingine atasema: "Nalima, nabeba ndoo za maji, mazoezi gani tena?" Sawa, mwili unafanya kazi. Ila ukiwa na ndoo kichwani unaweza kuwaza madeni njia nzima mpaka nyumbani. Hapa mwili unafanya kitu kidogo, na akili inatakiwa iwepo pale pale.

Fanya hivi asubuhi kabla ya kufungua, dakika tano tu:

1. Mlima. Simama wima, miguu yote chini, mabega yashushe. Vuta pumzi kwa pua taratibu, itoe taratibu zaidi. Hesabu pumzi kumi. Ukipotea kwenye hesabu, anza moja.

2. Mti. Simama mguu mmoja, unyayo wa pili uegemeze kwenye ndama ya mguu uliosimama, usiuweke gotini. Shika kaunta kama unayumba. Tazama kitu kimoja, hata kopo la maziwa kwenye shelfu. Huu mkao ni mizani ya akili: ukianza kuwaza mzigo uliokwama Masasi, unayumba papo hapo. Unarudi, unaendelea. Kule kurudi ndiyo zoezi lenyewe.

3. Kuinama. Shika kaunta kwa mikono miwili, rudi nyuma mpaka mgongo unyooke kama meza. Pumzi tano. Mgongo uliosimama kutwa utakushukuru. Mjamzito, mwenye presha au maumivu ya mgongo, muulize kwanza mhudumu wa afya.

Faida yake utaiona mchana. Simu ya "nirudishie haraka" ikija, utapeli wake unategemea haraka yako. Sikia miguu yako chini, toa pumzi moja ndefu, halafu angalia salio mwenyewe. Usiamini meseji tu. Kwenye chenji ni hivyo hivyo: noti ya mteja ibaki juu ya kaunta mpaka umalize kuhesabu.

Sisemi yoga italeta mtaji au kulipa madeni. Haiwezi kuchukua nafasi ya daftari. Inamsaidia anayelishika daftari awepo kweli.

Jaribu siku saba. Kila jioni andika pesa inayotakiwa kuwepo na iliyopo kwenye droo. Ukiona tofauti inapungua, endelea. Usipoona kitu, umepoteza dakika tano za asubuhi, na mgongo umenyooka.