Kujua Kuigiza Si Kujua Kufundisha

Kazi ninayoitamani ni kazi ya kufundisha michezo ya kuigiza. Nina umri wa miaka kumi na saba, niko Kidato cha Nne, na mwaka huu yatupasa kujaza fomu za kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Kwa hiyo jambo hili kwangu si porojo.

Baba yangu halipendi. Likizo iliyopita aliniambia, "Mwanangu, kuigiza umeanza tangu utoto bila kufundishwa na mtu. Ya nini kwenda kusomea kitu unachokijua?" Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Jibu nimelipata hapa hapa shuleni, nalo nimelipata kwa aibu.

Mwaka jana mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye alikuwa akiongoza chama cha maigizo, alihamishwa. Yeye ndiye aliyetuongoza kuigiza Ngoswe, mchezo wa Edwin Semzaba tunaousoma darasani. Alipoondoka, wenzangu walinichagua niwafundishe vijana wa Kidato cha Pili mchezo wa siku ya wazazi, kwa kuwa nilikuwa nimeigiza vizuri kama Mzee Mitomingi. Nilikubali kwa majivuno. Niliwaonyesha kila neno la kusema na kila mahali pa kukanyaga, na aliyekosea nilimkaripia. Wiki ya tatu walikuwa wakisema kama kasuku, na kijana mmoja mwenye kigugumizi hakuja tena. Siku ya wazazi mchezo wetu haukuonyeshwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwalimu wetu hakutuonyesha hata mara moja namna ya kusema neno. Aliuliza tu: "Mzee huyu anataka nini? Kwa nini azichome karatasi za serikali?" Nasi tukatafuta wenyewe mpaka tukaona. Kumbe ule ulikuwa ufundi, na ufundi hufundishwa.

Tangu siku hiyo nimeuliza njia za kuifikia kazi hii, nazo naziona ni tatu. Ya kwanza ni Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Huko aliyemaliza Kidato cha Nne aweza kusomea maigizo, ngoma na muziki. Ya pili ni vyuo vya ualimu, kama Butimba kule Mwanza, ambacho kwa muda mrefu kimejulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa. Ya tatu ni kumaliza Kidato cha Sita kwanza, kisha kwenda Chuo Kikuu. Dar es Salaam wamefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Mmoja wa waliofundisha huko ni Profesa Penina Muhando, aliyeandika mchezo wa Hatia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakawasaidia wanakijiji kutunga michezo juu ya shida zao wenyewe. Naona hilo ndilo hasa alilolifanya mwalimu wetu: hakutupa maneno, alitusaidia kuyapata.

Mimi nimechagua njia ya tatu, nikianza na Historia, Kiswahili na Kiingereza. Sababu yangu ni hii. Somo la sanaa za maonyesho limo katika mitihani ya taifa, lakini shule zinazolifundisha ni chache. Basi mwalimu wa maigizo yampasa awe na somo jingine la kumwingiza darasani asubuhi, ili jioni apate watoto wa kuwafundisha kuigiza. Anayedhani kwamba atapita kwa kipaji tu huku akidharau masomo mengine, anajidanganya.

Kwa wazazi nasema hivi: msiseme ni mchezo tu. Yule kijana mwenye kigugumizi hakupotezwa na mchezo, alipotezwa na mimi niliyefundisha bila kujua. Kwa walimu wetu naomba jambo moja. Chama chetu kilikufa kwa sababu ujuzi wote ulikuwa kwa mtu mmoja, na alipohamishwa ulihama naye. Yafaa walimu wawili washirikiane kukiongoza, ili akiondoka mmoja, mwingine abaki.

Yule kijana nimekwenda kumwomba radhi bwenini kwake. Amesema atafikiri. Nami fomu yangu nimeijaza kwa penseli kwanza, nayo naipeleka nyumbani likizo hii ili Baba aisome pamoja na makala haya kabla sijaikoleza kwa wino.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne