Kilichotupwa na Kilichopotea

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuletea swali. Jirani yao alipohama alitupa jaani kasha bovu la mbao. Kijana akalichukua ili alitengeneze, na chini ya ubao wake akakuta bangili mbili za dhahabu zimefungwa katika kitambaa. Je, ni halali yake?

Kwanza kasha. Kuokota kilichotupwa si aibu wala si haramu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita penye mzoga wa kondoo, aliyekuwa sadaka kwa mtumishi wa Bibi Maimuna (r.a.), akawauliza kwa nini hawakuichukua ngozi wakaitia dawa na kunufaika nayo. Walipomjibu kuwa ni mzoga, akawafahamisha kwamba kilichoharimishwa ni kuula. Twayakumbusha haya kwa kuwa wamo miongoni mwetu wanaomcheka maskini aokotaye vyuma na chupa, hali ya kuwa wao wenyewe humwaga jaani sinia nzima za pilau baada ya arusi. Ni nani hapo astahiliye kuona haya?

Ama bangili, hilo ni jambo jingine. Jirani alitupa kasha. Hakutupa dhahabu, kwa kuwa hakujua kwamba imo. Mtu huachana na mali yake kwa moyo kuridhika, si kwa mkono kukosea. Mwaka 2013, katika mji wa Newport huko Wales, diski ya kompyuta ilitupwa kwa makosa, nayo ndiyo iliyohifadhi ufunguo wa sarafu za bitcoin zipatazo 8,000. Mwenyewe aliomba kwa miaka mingi aruhusiwe kufukua jaa la mji, hata kesi yake ilipotupwa na mahakama Januari 2025. Nani atasema kwamba moyo wa mtu huyo uliiacha mali yake?

Basi bangili zile ni luqata, yaani mali iliyopotea ikaokotwa. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid (r.a.), mwokotaji ameamriwa aujue vyema mfuko wa kitu na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima. Asipotokea mwenyewe, aweza kukitumia. Lakini akija baadaye, ni lazima alipwe.

Kijana wetu hana haja ya kuanza na matangazo, maana aliyelitupa kasha anamjua. Na amwendee. Huenda mtu akasema kwamba jirani naye alilinunua kasha mnadani, na bangili si zake. Yawezekana. Kwa hiyo kijana asizitoe mfukoni mara tu afikapo, wala asitaje dhahabu. Amwambie tu kwamba ameona kitu ndani ya kasha, kisha amwache mwenyewe aeleze ni kitu gani, ni vingapi, na kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Akishindwa, hapo ndipo mwaka wa kutangaza uanze kuhesabiwa.