Saa ya Mpiga Mbizi Juu ya Uwanda wa Ufipa

Ndugu Waislamu, imeenea miongoni mwa vijana wetu, hata hapa Mwimbi, desturi ya kuvaa saa kubwa za chuma zilizoandikwa mita 200, zenye duara linalozunguka pembezoni mwa kioo. Tunawauliza: mnapiga mbizi katika shamba lipi la mahindi?

Saa hizi asili yake si pambo. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ilitoa ya kwake kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, ili aliye chini ya maji ajue amekaa muda gani na hewa ya mtungi imebaki kiasi gani. Katika saa za sasa zilizotengenezwa kwa kanuni, duara hilo huzunguka upande mmoja tu. Likiguswa kwa bahati mbaya hupunguza muda uliobaki, wala haliuongezi, mtu asije akajidhania ana pumzi asiyokuwa nayo. Wanaozamia Ziwa Tanganyika kukamata samaki wa mapambo wana haja na chombo cha namna hiyo. Sisi wa jembe tuna haja gani?

Hatuiharamishi. Asili ya vitu ni uhalali, na chuma si dhahabu, ambayo mwanamume amekatazwa. Atasema msemaji: saa hii ni imara, haidhuriwi na mvua. Tungeikubali hoja hiyo, lau tusingewaona wenye saa hizo wakizivua wanapotia udhu, kwa kuwa ni za bandia na huingia maji. Zimeandikwa mita 200, nazo zinaogopa kata moja ya maji! Huo ni uongo unaosemwa kwa mkono. Na kwa ajili ya uongo huo gunia la mahindi limeuzwa, ilhali mbolea haijanunuliwa na wadogo zake hawana madaftari.

Msiba mkubwa zaidi ni huu: adhana inaitwa, naye yupo kibarazani akigeuza mkono ili saa ionekane. Wakati hausomi. Je, hajui kwamba Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul-Asr?

Enyi vijana, mmevaa chombo cha kuhesabia pumzi zilizobaki. Basi zihesabuni. Umri nao huzunguka upande mmoja tu. Na enyi wazazi, kabla gunia halijatoka ghalani, ulizeni linakwenda kununua nini.