Amri ya Simu Ndegeni Itolewe kwa Kiswahili, na kwa Abiria Wote

Bwana Mhariri,

Iko kadhia ambayo wengi katika sisi tunaosafiri kwa ndege baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam tumekuwa tukiinung'unikia barazani bila ya kuifikisha panapostahiki, nayo ni namna kanuni za matumizi ya simu ndegeni zinavyotangazwa kwa haraka na kwa Kiingereza kitupu, na namna anavyodhiliwa abiria asiyekijua Kiingereza hicho pindi anapozivunja hali ya kuwa hakuzielewa.

Sina ugomvi na kanuni yenyewe, na nisingependa msomaji yeyote adhani kwamba naiombea ruhusa simu ilie ovyo angani. Simu iliyo ardhini huzungumza na mnara ulio karibu nayo kwa nguvu ndogo, lakini ikishapaa huiona minara mingi kwa wakati mmoja, na inapohangaika kutafuta wa kutulia nao hupandisha nguvu zake, hata mawimbi yake yakaweza kuingia katika visikilizio vya rubani kwa mvumo wa kukera saa ile ile anapohitaji kusikia maneno ya waongozaji wa ndege. Marekani ilipopiga marufuku simu za mkononi angani mwaka 1991, amri ilitolewa na tume yao ya mawasiliano, na hofu yake ilikuwa ni kuvurugika kwa mitandao iliyo chini. Ama hofu ya vyombo vya ndege ni mlango mwingine, na huo nao haukufunguliwa bila ya sababu. Mwezi wa Juni mwaka 2003, karibu na mji wa Christchurch huko New Zealand, ndege ndogo ya abiria ilianguka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu wanane katika kumi waliokuwamo, na wachunguzi walikuta kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa imeunganishwa katika dakika za mwisho za safari. Hawakukata shauri kwamba simu ndiyo iliyoiangusha ndege, lakini walisema yumkini iliathiri chombo cha kumwonyesha rubani mteremko wa kutua. Sisi wa visiwani, ambao aghalabu hupanda ndege ndogo, tuna kila sababu ya kulizingatia jambo hilo.

Lakini amri yenye hikima ndani yake ndiyo inayostahiki zaidi kuelezwa, na khasa amri hii ambayo haina sura moja duniani. Shirika la Emirates liliruhusu abiria kupiga simu angani tangu Machi 2008, katika ndege zilizofungwa mitambo yake maalumu, na Oman Air likafuata mwaka 2010; Marekani ilikubali mwishoni mwa mwaka 2013 simu na vyombo vinginevyo vya elektroniki vya abiria vitumike tangu ndege inapoondoka mpaka inapofika, madhali havipeleki mawimbi ya simu; nazo nchi za Ulaya mwaka 2014 ziliyaachia mashirika yenyewe yaamue baada ya kuzipima ndege zao. Basi mzee wa hapa kwetu, ambaye mwaka jana alikwenda Maskati kumzuru mwanawe na akawaona watu wakiandikiana barua kwa simu juu ya bahari, akirudi na kupanda ndege ya kwenda Dar es Salaam ataambiwa azime, na asipoambiwa kwa nini huku azime na kule asizime, hana pa kuijulia tofauti hiyo ila kwa kukaripiwa.

Na kukaripiwa ndiko kulikonitia kalamu mkononi. Shangazi yangu, mtu mzima aliyepita umri wa miaka sabini, alikuwa akisafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa matibabu, nami nikimsindikiza, katika ndege ndogo ya shirika ambalo sitalitaja, kwa kuwa sikusudii kumharibia mtu biashara yake. Rubani msaidizi aligeuka akasoma maelezo yake yote kwa Kiingereza, kwa kasi ya mtu aliyekwisha kuyasoma mara nyingi, ilhali zaidi ya nusu yetu tuliokaa mle tulikuwa Waswahili; kisha injini zikawashwa. Ndege ilipoanza kutambaa, simu ya shangazi ikalia, nayo ni kitochi cha vibonyezo, na aliyepiga alikuwa mwanawe akiuliza kama tumeshapanda salama. Akaipokea, kama ambavyo mama yeyote angeipokea. Rubani msaidizi yule akageuka tena, akamfokea mbele ya watu kwa lugha asiyoijua, akanyoosha mkono na kumpokonya simu, na akampa mgongo. Katika kiti cha mbele mgeni mmoja alikuwa akipiga picha za uwanja kwa simu yake tangu tulipokaa, akaendelea kuzipiga mpaka tukawa juu ya bahari, wala hakuulizwa neno. Yumkini simu ya mgeni yule ilikuwa imekwisha kuwekwa katika hali ya ndege, yaani isipeleke mawimbi, ambapo kupiga picha hakuna madhara. Sisemi kwamba alikosa. Ninalosema ni kwamba yeye hakuulizwa, na shangazi hakuelezwa. Alikaa kimya safari nzima, na tulipoteremka aliniuliza kosa lake lilikuwa nini, nami ndiye niliyemfahamisha, palepale uwanjani, jambo ambalo lingemalizika kwa maneno machache ya Kiswahili kabla ya injini kuwashwa.

Tafadhali lipimeni hili kwa insafu. Hapa kwetu Kidichi, ambako Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka 1850, wageni huja takriban kila siku kuitazama hamamu hiyo na kuzunguka mashamba ya viungo, na vijana wetu, ambao wengi wao hawakusoma zaidi ya skuli za hapa hapa, wamejifunza Kiingereza, Kitaliano, Kifaransa na Kijerumani ili wapate kumweleza kila mgeni kwa lugha yake gome la mdalasini linavyobanduliwa na iliki inavyozaa chini ya shina. Hatujapata kumtaka mgeni ajue Kiswahili ndipo aambiwe ajihadhari na utelezi wa ngazi. Staha hiyo tunayowapa wageni katika mashamba yetu, wenyeji tunaikosa katika ndege inayoruka kutoka uwanja wa Kisauni, na nauli tunalipa. Hata katika majahazi ya wazee wetu, nahodha alipowaamrisha abiria wahamie upande wa joshi, aliwaambia upepo umezidi, nao wakahama upesi kwa sababu walijua kinachowakabili.

Na haya si ya simu peke yake. Hatari ambayo leo inawashughulisha zaidi watu wa usafiri wa anga ni ya betri, na khasa zile betri za akiba ambazo vijana huziita pawabenki. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya shirika la Air Busan ilishika moto ikiwa bado iko chini katika uwanja wa Gimhae huko Korea ya Kusini. Abiria na wafanyakazi wote 176 wakawahi kutoka, ndege ikaungua, na wachunguzi wakaielekeza dhana yao kwenye betri ya akiba iliyokuwa katika makabati ya juu ya viti. Baada ya hapo mashirika kadhaa yamekaza kanuni zao, na Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 limewakataza abiria kuzitumia betri hizo wakati wa safari. Kanuni ya kutozitia betri za akiba katika mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege ni ya zamani zaidi, na sababu yake ni kwamba moto ukizuka mle hapana mtu wa kuufikia. Nani katika akina mama wanaofunga masanduku yao Kidichi, Bububu au Wete aliyepata kuelezwa hivyo kwa Kiswahili kabla ya kufika kwenye mashine ya ukaguzi na kufunguliwa sanduku mbele ya kadamnasi?

Usafiri wa anga ni katika mambo ya Muungano, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Majengo ya abiria ya Unguja na Pemba yako chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Nazielekea mamlaka zote mbili kwa heshima. Mashirika yote yarukayo baina ya visiwa na bara yalazimishwe kusoma maelezo ya usalama kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, na yasomwe kabla ya injini kuwashwa, wakati ambapo mzee husikia. Katika kumbi za kusubiria yabandikwe maelezo ya simu na betri kwa herufi kubwa na kwa picha, na mwenye kitochi asichojua kukiweka katika hali ya ndege aambiwe waziwazi kwamba akizime kabisa. Abiria wote waulizwe, na mgeni aliye mbele asisahauliwe. Na anayekosa kwa kutojua aelezwe kwa adabu na kwa Kiswahili, kwani UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, imeipa lugha yetu heshima ambayo hatujaipata bado katika safari ya dakika ishirini kutoka nyumbani kwetu.

Mashirika haya nayo yana haki ya kujibu, na kama liko lililokwisha kuyafanya haya niyaombayo, namwomba Bwana Mhariri alichapishe jibu lake ili sisi wasafiri tulijue na tulipande.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Viungo,
Kidichi, Unguja.