ALIYELALA KITANDA NDIYE AJUAYE KUNGUNI WAKE

Ndugu Wafanyakazi,

Reli haikufika Meru wala Embu. Njia yetu yaishia Nanyuki. Lakini mawakala wa kazi za Arabuni wamefika, mpaka sokoni na vijijini. Leo nataka kusema neno juu ya watoto wetu wanaochukuliwa kwa hila, na juu ya wale waliorudi.

Binti ya shangazi yangu, mtu wa Embu, aliahidiwa na wakala mmoja kazi ya kuuza duka. Alipofika huko alipewa mkataba mwingine, kwa lugha asiyoijua, akatiwa jikoni. Pasipoti yake ilichukuliwa na mwenye nyumba. Alifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na mshahara wa miezi mingi hakuuona. Aliporudi alikwenda kushtaki. Akaulizwa, "Si ulitia sahihi mwenyewe?" Akanyamaza, akarudi nyumbani.

Ndugu, jibu lilikuwapo. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu yasema kwamba kukubali kwa mtu si kitu, ikiwa alidanganywa. Yasema tena kwamba mlanguzi afungwe miaka isiyopungua 30, au alipe faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili. Imeweka na hazina ya kuwasaidia walioumizwa. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimfai mtu aliyesimama peke yake mlangoni pa ofisi.

Aliyemfungua kinywa ni jirani, mama aliyepata kufanyiwa hayo hayo. Alimwuliza mambo matatu tu: Nani alilipa nauli yako? Nani alishika pasipoti yako? Mkataba wa kwanza uko wapi? Kumbe picha ya ule mkataba ilikuwa katika simu ya shangazi. Mimi sikujua kuuliza hayo. Lakini hata yule mama hakujua ushahidi ule upelekwe wapi, na siku nyingi zikapotea.

Basi maoni yangu ni haya: waliorudi wafundishwe kuwa wasaidizi wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 yawatambua wasaidizi waliopata mafunzo. Hawatakuwa mawakili. Kazi yao ni kumsikiliza mtu, kuandika habari zake sawasawa, kutunza karatasi zake, kufuatana naye polisi na mahakamani Meru au Embu, na kumfikisha kwa wakili.

Wengine watasema, "Hao hawana elimu." Je, wafanyakazi wa reli na wa bandari waliogoma Mombasa Januari 1947 walikuwa mawakili? Hata leo anayetutetea mbele ya mwajiri ni mwenzetu aliyejua taabu ya kazi kwanza, kisha akajifunza kanuni. Taabu anayo tayari, kanuni hufundishwa.

Lakini tusiwaumize mara ya pili. Asilazimishwe mtu kusimulia yaliyompata mbele ya mikutano. Asiachwe afanye kazi peke yake bila wakili wa kumwongoza. Na alipwe. Mtu aliyefanyishwa kazi bila mshahara ugenini, tukimwita nyumbani afanye kazi ya bure tutakuwa na tofauti gani na waliomtesa?

Naomba kila tawi lililo karibu na Meru na Embu lizungumze jambo hili katika mkutano wake. Tushirikiane na wenzetu wa KUDHEIHA, chama chenye wafanyakazi wa nyumbani. Tutoe karo ya mafunzo ya watu wawili tu kwa kuanzia, na chumba cha tawi kitumike siku moja kwa wiki. Hilo halitushindi.

Shauri la binti yetu halijaisha. Lakini safari hii hakwenda peke yake.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu wa Reli